Kinywa cha Mpiga Ngoma

Tak Bong-su alikuwa amekula yamini: siku ya onyesho angepiga ngoma tu, kinywa akifunge. Mwaka jana mwimbaji wake, Wol-lye, alimwacha solemba, akaenda kuimba mjini Jeonju na mpiga ngoma kijana, baada ya miaka thelathini ya kutumbuiza mkeka mmoja. Sasa kijana kavunjika mkono, ndipo bibi huyo akakumbuka njia ya kwa Bong-su, na kikapu cha peasi mkononi.

"Nitakupigia," alimwambia. "Wa kukusifu mtafute mwingine."

"Kwa hiyo niuimbie ukuta, kaka?"

"Ukuta ni mzuri, dada. Ukiuacha haulalamiki."

Kilikuwa kisasi cha kitoto, na mwenyewe alijua. Mwimbaji wa hadithi anasimama peke yake na upepeo wake, mpiga ngoma ndiye humwitikia "Ewaa! Hapo hapo!", na mwimbaji huvuta pumzi kwenye mwitikio huo.

Ukumbi wa mji wa Namwon ulijaa. Wol-lye, mwenye miaka sabini, aliimba saa nzima habari za mjane anayemtafuta mwanawe aliyepelekwa vitani. Bong-su alipiga, midomo ameibana. Mjane alipofika kwenye kivuko, Wol-lye aliinua upepeo, akanyamaza. Watu walidhani ni madoido. Bong-su aliona upepeo ukitetemeka, akajua maneno yamemtoka. Watu wakigundua, hakuna atakayemwita tena kuimba.

Hasira zote zikamwisha. Alirudia mapigo mzunguko mzima, kisha akapaza sauti: "Ewaa! Mwenye mtumbwi kageuka, dada, kageuka!"

"Kageuka," Wol-lye akadaka, "ana kovu shavuni, kovu la mwanangu..." Sauti ikapanda hadi kina mama wa mbele wakatoa leso. Bong-su hakunyamaza tena mpaka mwisho.

Nje, mzee mmoja asiyekosa maonyesho alimshika bega. "Bwana Tak, leo umetuharibia. Tangu lini mpiga ngoma anamnyang'anya mwimbaji maneno?"

Wol-lye alitaka kusema ukweli. Bong-su akamkanyaga mguu.

"Uzee, bwana. Siku hizi ulimi unanitangulia. Nisamehe."

Yule akaenda zake akitikisa kichwa. Wol-lye akainama, akaichukua ngoma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote thelathini, akashika njia ya kituo cha basi.

"Uliniambia nitafute mwingine wa kunisifu," alisema.

"Ukampata?"

"Tembea, kaka. Ngoma yako nzito."