Redio Imezimwa

Saluni wananiita Redio. Nikishika kichwa cha mteja, hadi namaliza kumsuka ameshajua nani kaachwa, nani karudiwa, na nani anaficha kwamba kaachwa. Mdomo wangu hauna breki, na sikuwahi kuona haja ya kuutia.

Sasa wateja wananiuliza kama naumwa. Mimba imeingia mwezi wa nane, miguu imevimba, nami nasuka kimya. Afadhali hata miguu.

Mtoto huyu ni wa dada. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Aliacha shule ili mimi nisome. Mimba zake zote ziliharibika, mwisho madaktari wakamtoa kizazi. Mimi nina watatu. Nilipoipata hii bila kuitarajia nikamwambia, "Dada, huyu wako." Mume wangu aliniuliza kama nina uhakika, nikajibu ndiyo. Ahadi ni deni, na hii niliitoa mwenyewe, tena kwa furaha.

Kisha tukaenda kliniki pamoja. Muuguzi akatuambia kwamba miezi hii ya mwisho mtoto husikia, na akizaliwa huitambua sauti ya mama yake. Tulipotoka nje dada akanishika mkono.

"Mdogo wangu, nina ombi. Usiongee naye. Na hata na watu, punguza kidogo. Anizoee mimi."

Maandalizi mengine yote yako kwake: kitanda, nepi, beseni la kuogea. Langu ni kunyamaza.

Kila jioni anakuja kutoka shuleni anakopika, ananukia moshi na vitunguu, anapiga magoti mbele ya tumbo langu. Masikini dada, maneno hana.

"Mwanangu, leo tumepika maharage. Kesho wali. Keshokutwa... maharage tena."

Zamani ningemcheka mpaka anirushie kandambili. Mtoto hutulia tuli. Dada husema amelala.

Majirani wananifariji kwamba kuzaa si kazi, kazi kulea. Waje wanibebee basi.

Jana dada alikuwa katikati ya maharage yake, kiganja juu ya tumbo, nikajimwagia chai ya moto pajani.

"Mama yangu wee! Naungua!"

Hilo tu. Mtoto akaruka, akapiga teke la nguvu mpaka kiganja cha dada kikainuka.

Mtoto hajawahi kumchezea dada hivyo, hata siku moja. Machozi yakamjaa dada, nami nikasubiri neno lake. Nilitaka aseme, "Basi, mdogo wangu, baki naye." Nilitaka kwa moyo wangu wote.

Akanifuta chai pajani kwa ncha ya khanga yake, kama alivyokuwa akinifuta kamasi utotoni.

"Pole," akasema. Kisha, taratibu, bila kunitazama: "Jikaze, mdogo wangu. Umebaki mwezi tu."

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaliinamia tumbo tena, akaanza na wali wa kesho. Mtoto akapiga, akatulia, akapiga tena palepale, anaitafuta ile sauti. Nikauma midomo. Sikumjibu.