Mizunguko Sita na Nusu

Mwaka 1987, vita vikiwa vimetulia Jinja lakini bado vinanguruma upande wa Teso, Zulaika alipata barua kutoka chuo kikuu. Ilikuwa fupi kama pumzi ya mtu mwenye pumu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliokimbia vita vya 1979 wangeruhusiwa kufanya mtihani uliobaki, mradi kila mmoja alete kazi yake ya mwisho. Nakala za idara zilikuwa zimeporwa pamoja na makabati, milango na vitasa vya milango. Siku ya mwisho ni Jumamosi. Asiyeleta, jina lake linafutwa.

Zulaika aliisoma amesimama uani kwao Mafubira, nje kidogo ya Jinja, miaka thelathini na moja kichwani, minane kati ya hiyo ameipoteza ukimbizini Juba akichambua mchele wa watu. Alikuwa binti wa Kinubi, watu waliohesabiwa kuwa wa serikali iliyopinduliwa, na mwaka 1979 Mnubi hakuulizwa alisomea nini. Aliulizwa anaondoka saa ngapi. Lakini alikuwa amesoma. Alisomea saketi za mawimbi ya redio, zile ndogo kuliko ukucha, na kazi yake ya mwisho ilikuwa ramani ya saketi moja ya kupokelea mawimbi, iliyochorwa kubwa kama shuka ili baadaye ipigwe picha na kupunguzwa mara mia. Haikuchorwa kwa kalamu. Ilikatwa kwa wembe kwenye karatasi ya plastiki yenye ngozi mbili, nyekundu juu na angavu chini; unakata ile nyekundu, unabandua usichokitaka. Miezi minne ya kukata. Siku alipokimbia, aliiviringisha akaiacha Mbale, chini ya kitanda cha shangazi yake.

Alhamisi akadandia lori la saruji hadi Mbale, akashuka akiwa mweupe kama aliyefufuka, akatembea hadi mtaa wa Namakwekwe.

"Haa! Injinia!" Shangazi Ramula alimpokea mlangoni. "Umekuja kutengeneza redio yangu au umekuja kunitisha? Jipanguse kwanza, majirani watasema nimeanza kufuga mizimu."

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Juba hakuna chakula?"

"Kipo, shangazi. Cha wenyewe."

Ramula akacheka hadi akashika ukuta. Alikuwa mwanamke aliyekataa kukimbia, akisema mguu wake mmoja ni mzee na hauwezi kuuacha mwingine uende peke yake. Zulaika alisubiri chai iishe, kwa adabu, kisha akauliza.

"Karatasi yangu nyekundu iko wapi?"

"Iko kila nyumba hapa Namakwekwe," shangazi alisema kwa fahari.

Zulaika hakuelewa. Ramula akamweleza. Wiki mbili baada ya yeye kuondoka, wanajeshi walipekua nyumba kutafuta redio za kuzungumzia na adui. Mmoja wao, kijana mrefu aitwaye Romano, akaivuta karatasi kutoka uvunguni.

"Akaniambia, mama, hii ni ramani ya nini? Nani alikutuma? Nikaona leo nazikwa bila sanda. Nikamwambia, afande, ramani gani tena? Hiyo ni mfano wa milaya."

Milaya ni shuka za kitanda ambazo wanawake wa Kinubi hudarizi kwa nyuzi za rangi. Bibi harusi asiye nazo ni kama hajaolewa.

"Akasema, basi darizi nione. Akaketi pale, bunduki mapajani. Na ndiye waliyempa chumba cha uani! Mwezi mzima ananichungulia. Ningefanyaje? Nikafanya tunavyofanya. Nikatoboa mistari yako yote kwa sindano, nikatandika juu ya shuka, nikasugua buluu ya kufulia ipite kwenye matundu. Nikashona. Romano mwenyewe akaomba moja ampelekee mama yake."

"Na karatasi?"

"Iliniweka hai, mwanangu. Kila harusi walitaka ile ya mtindo wa Zulaika. Miaka sita tunaitoboa. Ikachanika, ikawa kama chujio. Mwisho upepo uliichukua vipande."

Shangazi akaona uso wa Zulaika, akainuka haraka na kuvuta sanduku. "Subiri, usiniangalie kama nimeua mtu. Ile ya kwanza kabisa ninayo. Sijaitandika hata kwa mufti."

Akaikunjua. Zulaika akapiga magoti. Ilikuwepo yote: njia za umeme kwa uzi wa bluu, na koili zake nane, ambazo kwenye karatasi zilikuwa mistari inayojizungusha kama konokono, sasa ni maua ya rangi ya chungwa. Akaweka kidole kwenye koili ya kwanza akahesabu. Moja, mbili, tatu. Akafika saba. Akarudia. Saba. Na katikati, pale alipoacha ncha wazi ili mawimbi yapite, mstari ulikuwa umeungana.

"Shangazi, hapa palikuwa wazi."

"Ndiyo! Uliacha zote hazijamalizika, nusu mzunguko kila ua. Nikasema, masikini, mtoto alikimbia kabla hajamaliza. Ua lililoachwa wazi unampaje bibi harusi? Nikachukua wembe, nikakufungia zote kwenye karatasi yenyewe kabla sijatoboa."

Alisema kwa upendo kiasi kwamba Zulaika hakuwa na mahali pa kuweka hasira yake. Koili iliyofungwa si koili, ni pete, na pete haisikii redio yoyote. Akambusu mkono, akaomba aondoke na shuka.

"Chukua. Lakini usiifue kwa maji ya moto, inasinyaa."

Jumamosi, katika darasa la shule moja ya msingi mjini Jinja, Mwalimu Cleophas, aliyemfundisha Zulaika chuoni, alikuwa akipokea kazi za wanafunzi wa mashariki. Alikuwa amezeeka vibaya, koti lilelile la zamani likimning'inia kama limeazimwa. Zulaika alipoikunjua milaya juu ya madawati mawili, mwanamume aliyekuwa akisubiri mlangoni akaguna, "Mwalimu, tunafungua hoteli?"

Cleophas hakucheka. Alipitisha kiganja juu ya nyuzi. "Naijua," alisema taratibu. "Hii ni yako. Kichujio hiki cha mawimbi tulikibishania wiki nzima."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nikiipeleka hivi kwenye kamati watanifukuza mimi kabla yako. Lakini naweza kuandika kwamba nimeiona ile yenyewe, na kwamba ni sahihi. Nitaandika, Zulaika. Nataka tu unisaidie nilale bila wasiwasi." Akagusa ua moja. "Uliweka sita na nusu. Niambie kwa nini sita na nusu. Unaifuta ile saba, unanieleza hesabu yake, basi."

Zulaika akafungua kinywa. Jibu alikuwa nalo. Miaka ile alilitetea mbele ya mtu huyuhuyu, akapiga meza hata chaki ikaanguka. Alitafuta kichwani upana wa njia, akapata upana wa ungo. Alitafuta masafa, akapata bei ya mchele kwa kibaba. Akaangalia shuka ili akumbuke, na shuka ikamwonyesha saba, imefungwa vizuri, nyuzi hazina kosa.

"Polepole," Cleophas alisema. "Anza na lolote."

"Nilikuwa najua, mwalimu."

"Najua ulikuwa unajua."

Nje kengele ya shule ikapigwa bila sababu. Mwalimu akavua miwani, akaivaa tena, kisha akachukua rula ya mbao na kupiga mstari wa kulifuta jina la Zulaika kwenye orodha, taratibu, mstari ulionyooka kama anaochora mtu aliyefundisha uchoraji maisha yake yote.

"Nisaidie kukunja," akasema.

Wakashika pembe mbilimbili, wakakunja wakisogeleana, hadi mikono yao ikakutana katikati. Mwalimu akamwachia. Zulaika akaipakata shuka, akampisha mwanamume wa mlangoni aingie.