Maji ya Mtaa wa Juu

Jumamosi nzima watoto wa darasa la tano walizibua mtaro wa mtaa wa juu, unaopita mbele ya shule. Walitoa chupa, matambara, hata godoro lililooza. Mwalimu wao alivua viatu akaingia nao topeni, na wazazi waliokuja kuwacheka wakaishia kushika majembe. Msichana waliyembandika jina la Kijiko, kwa udogo wake, alirudi nyumbani kifua mbele, akinuka tope mwili mzima.

Jumatatu mchana mvua ikashuka. Mvua kubwa namna ile kwa kawaida iliingia mpaka madarasani. Safari hii maji yalifuata mtaro yakinguruma, uwanja ukabaki mkavu. Watoto walijazana madirishani wakapiga makofi. Mwalimu naye akapiga.

Mvua ilipokatika, Kijiko aliteremka mtaa wa chini, alikoishi na shangazi yake, fundi cherehani. Mlangoni hakufika. Uchochoro wote ulikuwa maji meusi ya magotini. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona shangazi amesimama juu ya meza ya kukatia nguo, kakumbatia cherehani. Sare alizoshonea watu zilikuwa zinaelea.

"Usiingie, mwanangu, kuna vigae vya chupa humu."

"Yametoka wapi maji yote haya, shangazi?"

"Juu huko. Siku zote huja kidogo kidogo. Leo yamekuja kwa mkupuo, sijui wamefungulia nini."

Kijiko aligeuka akatazama juu, kulikokuwa na shule. Mtaro wa mtaa wao, uliojaa taka pomoni, aliuruka kila asubuhi akienda shule, na haukumjia akilini hata mara moja.

"Ni sisi," alisema. "Tuliuzibua mtaro wa juu."

Shangazi alizitazama sare zinazoelea. Angegomba, Kijiko angejua la kufanya. Hakugomba; mtoto aligeuka akakimbia kurudi shule.

Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari. Alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, uso umemshuka.

"Nilifurahia tu maji yalivyoondoka," alisema kwa sauti ndogo. "Sikujiuliza yanakwenda kwa nani."

Mwalimu aliwakusanya wanafunzi, wakateremka mtaa wa chini, darasa zima. Baadhi ya wazazi wa juu walikataa, kwao kulishakauka. Shangazi alifunga kanga kiunoni akawaonyesha mtaro ulipofukiwa, chini ya kizingiti cha duka la jirani. Mwenye duka alibisha, akachungulia ndani kwake, akaona nako maji yameingia, akaleta mtaimbo mwenyewe. Jua likielekea kuzama, maji yalianza kupungua.

Sare ziliingia madoa yasiyotoka. Shangazi alishona upya, na kwa siku kadhaa alimjibu Kijiko kwa mkato. Mwalimu naye, kabla hajamruhusu mtoto yeyote kugusa jembe tena, aliwapanga mstari wakaufuata mtaro kwa miguu, mlango kwa mlango, wakiuliza maji huingia wapi.