Chakula Kisichoonjwa

Mgeni aliyefikia hoteli ya Lamduan pale Hua Hin, mji wa pwani, hakulala na njaa. Lamduan alikaa mapokezi, mpole, sauti yake ndogo, na mtu akimwuliza mahali pa kula alijibu papo hapo. Ukitaka kaa, nenda kule gatini. Ukitaka wali na kuku, ngoja mama wa kona afungue. Pale penye taa nyingi usiende, samaki wao wamelala. Wageni walirudi wameshika matumbo kwa shibe, wakamwita dada mwenye ulimi.

Lakini mganga hajigangi. Mama yake, Samruai, alipolazwa hospitali alikuwa hali kitu. Siku moja akafumbua macho na kusema, "Duan, natamani homok. Ile ya baba yako."

Homok ni samaki aliyepondwa na tui zito na viungo, akafungwa ndani ya jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke. Hakuna mtaa wa mji ule usio na mpishi wake wa homok. Lamduan hakuuliza ni ipi. Alikuwa na haraka ya kurudi zamu, na tena yeye ndiye aliyejua chakula kizuri kilipo. Akaenda kwenye mgahawa uliojengwa juu ya maji, ule aliowatuma wageni wake wakubwa, akaleta homok ya moto iliyopambwa kwa pilipili nyekundu.

Mama alionja kijiko kimoja. Kisha akapekua chini ya samaki kwa ncha ya kijiko, kama mtu anayetafuta pete iliyomponyoka.

"Wameweka kabichi," alisema.

"Ni tamu, mama?"

"Tamu, mwanangu. Malizia wewe."

Hakuomba chakula tena. Siku chache baadaye akafariki.

Sasa ilikuwa inakaribia siku ya mia tangu afe. Siku hiyo ndugu hukusanyika hekaluni, watawa wa Kibudha wakapewa chakula alichokipenda marehemu, na wanachokula watawa humfikia yeye huko aliko. Sadaka hutolewa hata siku nyingine, lakini ya siku ya mia ndiyo ya kumuaga. Lamduan alijiapia kwamba safari hii mama atakula alichokitaka.

Akaanza kutafuta. Kila alipotoka kazini alizunguka, leo ufukweni, kesho sokoni, keshokutwa vichochoroni, akala homok mpaka nguo zake zikanuka tui. Alipofungua jani hakuonja kwanza. Alipekua chini. Kabichi. Kabichi. Mrehani. Kabichi tena.

Mama yake mdogo, Prayong, aliyeuza ngisi wakavu sokoni, alimcheka.

"Wewe mtoto, utanenepa kabla hatujamaliza msiba! Homok ni homok."

"Mama mdogo, baba alikuwa anainunua wapi?"

"Baba yako? Mwanamume yule alikuwa bahili hata wa salamu, sembuse kunieleza alikokula!" Prayong akageuza ngisi wake juani, halafu mkono ukasimama. "Ila walipokuwa wachumba, dada alikuwa anarudi mdomo unanuka majani. Nikamwuliza, umekula mti? Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema chini ya samaki kuna majani machungu, na uchungu huo ndio unaolifanya tui liwe tamu."

"Na hukuniambia!"

"Uliniuliza? Ulipita hapa na homok ya kitajiri, sote tukasema mtoto ana adabu."

Lamduan aliinamisha kichwa. Neno lile lilimwingia na likakaa. Prayong naye aliona, akalegeza sauti.

"Nenda nyuma ya stesheni. Mpishi alikuwa mwanamke mmoja anaitwa Chaem. Kama bado yu hai."

Alikuwa hai. Lamduan alimkuta barazani, amekaa chini ya mti wenye majani mapana yanayong'aa, macho yake yametandwa na ukungu mweupe.

"Nilishaacha kupika, mjukuu," alisema Bibi Chaem. "Hata jogoo wangu simtambui mpaka awike."

"Ni ya mama yangu, bibi. Ya siku ya mia."

Bibi akamgeuzia uso. "Nani mama yako?"

"Samruai. Alikuwa anakuja na kijana mrefu, hasemi sana."

"Mlamba jani!" Bibi Chaem akapiga paja. "Alikuwa akimaliza anakunjua jani lote analilamba. Yule mrefu anatazama pembeni kwa aibu. Halafu akiona hakuna mtu, na yeye analamba la kwake!"

Lamduan alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo. Baba yake alikufa zamani, na hakuwahi kumwona akifanya utoto wa namna hiyo.

"Nitapika," bibi akasema. "Lakini kama ni ya watawa, unajua. Haionjwi."

"Najua, bibi."

Nani asiyejua? Ukionja chakula cha watawa kabla hawajala, umewapa makombo yako, na marehemu naye atapokea makombo.

Asubuhi ya siku yenyewe Lamduan alichuma majani machungu ya mti ule wa barazani, akayachanachana na kuyatandika ndani ya majani ya mgomba. Bibi Chaem alikoroga samaki na tui kwa mkono wake mkavu, upande mmoja tu, bila kugeuza. Akapapasa chupa ya sosi ya samaki, ile yenye chumvi kali, akamimina. Garimoshi likapita nyuma ya ua, likapiga honi mpaka sufuria zikatetemeka. Lilipokwisha kupita, bibi alikaa kidogo kama mtu aliyeamshwa. Kisha akapapasa chupa, akamimina tena.

Lamduan alifungua mdomo. Labda ndivyo inavyopikwa. Na yeye ni nani, mtoto wa juzi, amfundishe bibi homok yake mwenyewe? Siku nyingine yoyote angechovya ncha ya kidole na kujua. Leo ulimi uliosifiwa na wageni wote ulikuwa umefungwa. Akaufumba mdomo, akaendelea kutandika majani.

Hekaluni watawa walikula kimya. Mtawa hasifu chakula wala hakilaumu, hupokea alichopewa. Mtawa mkuu alikula homok taratibu, akanywa maji. Akala tena, akanywa tena. Mtawa kijana pembeni yake alikohoa, akavuta birika.

"Unaona wanavyokula?" Prayong alinong'ona kwa furaha. "Hata maji wanayamaliza!"

Walipomaliza wakaanza kusoma dua. Lamduan alishika kibuyu kidogo cha shaba, akamimina maji tone kwa tone ndani ya bakuli, akilitaja jina la mama moyoni. Kisha akayapeleka nje na kuyamwaga kwenye shina la mti wa mkungu, maana maji hayo ndiyo yanayoibeba sadaka mpaka kwa marehemu. Aliporudi alijihisi mwepesi. Mama ameshakula.

Ndugu wakaketi kula kilichobaki. Lamduan akafungua jani, akatia kijiko kinywani.

Chumvi. Chumvi ya kukunja uso, ya kufunga koo.

"Mama yangu wee!" Prayong alisema. "Bahari nzima imo hum—" Akajiziba mdomo. Bibi Chaem alikuwa ameketi nao mkekani, uso ameuinua, anasikiliza.

"Imetoka vipi, mjukuu?" aliuliza. "Mkono bado upo?"

Lamduan alimtazama yule mzee, na kwa kitambo alimwona mama yake kitandani, kijiko mkononi.

"Tamu, bibi," alisema.

Na hapo ndipo alipojua jinsi neno lile linavyosemwa, na linamgharimu nini mtu anayelisema.

Akala. Hakuacha kipande. Chini kabisa akayafikia majani, na uchungu wake ulikuwa kama alivyosimuliwa, mpole, unakuja taratibu na kukaa. Hiyo ndiyo homok ambayo mama aliililia. Ilikuwa imefika, na imefika imeharibika. Akakunjua jani la mgomba, akalilamba lote mbele za watu, yeye asiyeweza hata kupiga chafya mbele za watu. Prayong alitazama pembeni.

Kisha Lamduan akasimama, akachukua kile kibuyu cha shaba, akaenda kwenye mtungi wa maji akakijaza mpaka juu.

"Duan, ulishamwaga," Prayong alimwambia. "Dua zimekwisha, watawa wameondoka."

"Najua, mama mdogo."

Alitoka jua likiwa kali uani, akachuchumaa chini ya mkungu. Udongo ulikuwa umeshakauka, kama vile hapakumwagwa kitu. Safari hii hakumimina tone kwa tone. Alikiinamisha kibuyu chote.

"Kunywa, mama," alisema. "Kunywa."

Akarudi mtungini kukijaza tena.