Foleni ya Dada

Kila asubuhi dada alijifungia bafuni, sisi wanne tukapanga foleni mlangoni, taulo mabegani. Siku moja nilimzimia taa. Akacheka humo humo gizani, na bado hakutoka.

Nilipoacha chuo bila kumaliza ("mhandisi nusu," aliniita), niliunda programu ya kupashana habari nyumbani. Mtu akiandika ujumbe, kompyuta yangu huwagawia wote watano mmoja baada ya mwingine, dada akiwa wa kwanza kwa sababu alinilazimisha. Kila mtu ana sanduku lake. Simu ikizimwa, jumbe humngoja humo. Sanduku likijaa, kompyuta husimama mpaka nafasi ipatikane, na walio nyuma husimama pia. Ndiyo maana aliyeondoka lazima afutwe.

Dada alifariki mwezi wa pili. Sikumfuta. Sanduku lake la nafasi hamsini lilipokaribia kujaa, nikaliongeza hadi mia. Kisha mia mbili. Nilijiambia nitamfuta Jumatatu. Jumatatu zikanipita kama hazinijui.

Jana nilipotoka kazini, mama alinipokea bila salamu.

"Baba yako kaanguka bafuni. Vocha ya kupiga sina, nikaandika kwa intaneti ya nyumbani kwenye hicho kidude chako. Saa nzima nimemshika kichwa pale sakafuni! Wewe na kaka yako kimya, kama mmekufa."

Neno likamtoka, akaziba mdomo.

Nilifungua kompyuta. Sanduku la dada: mia mbili kati ya mia mbili.

"Mama, kosa ni langu. Sikumfuta dada. Ujumbe wako umekwama kwake."

Baba, kitandani, kitambaa chenye damu kwenye paji la uso, ndiye aliyejibu:

"Kwa hiyo katupangisha tena foleni ya bafu, huyo?"

Mama akacheka. Akaja kuketi kando yangu, bega kwa bega, akitazama jina la binti yake kwenye kioo cha kompyuta.

"Mtoe, mwanangu," akasema. "Polepole, lakini."

Nikabonyeza polepole, kana kwamba kuna namna hiyo.

Simu zetu zikalia kwa pamoja. *Baba kaanguka bafuni. Nani yuko karibu?* Chini yake, kwa herufi ndogo: *Umewafikia wanne.*

Baba aliusoma, kisha akailaza simu kifudifudi.

"Haya," akasema. "Bafu liko wazi. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeinuka.