Maji ya Kidato cha Pili

Asubuhi ile nilikuwa kisimani na Kristina, tunachota maji ya pipa la jikoni shuleni. Yeye anaongea, mimi nasikiliza, ndivyo tulivyo. Akasema Salima karudishwa kijijini kwao, Mkongo.

Salima ndiye aliyekuwa anatuswalisha adhuhuri sisi wasichana, darasani kwetu kidato cha pili. Alisimama katikati ya safu, kama anavyosimama mwanamke akiswalisha wenzake. Mwalimu Sixtus, mkuu wa shule, akatukataza. Dini hakuigusa. Alisema tunamaliza maji ya jikoni kwa kutawadha.

"Lakini mwalimu, si tunachota wenyewe?" Salima akauliza.

Basi, ikawa amemjibu mkuu. Akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Mtihani wa taifa umekaribia, na asiyeufanya haendi kidato cha tatu.

Mchana ule maji yakapanda kwenye sakafu ya darasa, taratibu, yakafika vifundoni yakasimama. Yalikuwa maji ya mto, ila yametulia, vidole vinaonekana. Perege wadogo walipita chini ya madawati. Mlangoni yaliishia, nje pakavu. Mwalimu Consolatha wa hesabu alivua viatu vyake vya mitumba, akaviweka dirishani.

"Inueni madaftari," akasema, akaendelea na pembetatu.

Tukatawadha palepale tulipokaa. Kristina akanishikia mtandio. Kengele ilipolia maji yakashuka, sakafu ikawa kavu. Tukapanga safu, katikati tukaacha nafasi.

"Ingia wewe," Mwanaidi akanipiga kiwiko. "Juzuu nzima unayo kichwani, unamwekea nani?"

Nikatazama miguu yangu. Kila mtu akaswali kivyake.

Kesho yake maji yakaja tena. Mwalimu Sixtus akachovya kidole, akaonja.

"Hayana chumvi," akasema. "Leteni ndoo."

Tangu hapo, maji yakipanda, kidato cha pili tunayabeba. Kwanza jikoni, halafu nyumbani kwake, halafu bustani ya maua mbele ya ofisi. Mapipa yakijaa, saa ya swala imepita na kipindi kimeanza. Kisimani hatuendi tena, na wazazi wameshukuru kwenye kikao.

Mwanaidi alimuuliza mkuu, "Mwalimu, maji si yapo sasa? Salima arudi?"

"Salima alinijibu," akasema. "Na hayo ni maji ya shule."

Leo ni Ijumaa, mtihani Jumatatu. Nilitoka nikamngoja Twalibu, utingo wa basi la Mkongo.

"Mwambie Salima aje hata bila kuitwa," nikasema. "Kristina atamsindikiza ofisini. Na mimi nitakwenda."

"Kumbe unaongea, dada," Twalibu akacheka, akadandia mlango.

Jioni basi likarudi. Twalibu alikuwa anashusha magunia ya ufuta.

"Nimemwambia mwenyewe, mkononi ana jembe," akasema. "Alinisikiliza mpaka mwisho."

Nikasubiri aendelee. Akachukua gunia lingine.