Alama za Mkono wa Birika

Wanafunzi walimwita Mkono wa Birika, na yeye alilijua jina hilo tangu mwaka wake wa pili kazini. Hakulichukia. Ubahili wake haukuwa wa mezani, kwani mgeni hakuwahi kutoka nyumbani kwake na njaa. Ulikuwa ubahili wa kalamu nyekundu. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha upimaji ardhi katika chuo cha ufundi, na miaka yote hiyo alama zilimtoka kama maji kwenye bomba bovu: tone, kimya, tone.

"Mia ni ya Mungu," aliwaambia wanafunzi wapya kila mwaka, siku ya kwanza, kabla hata ya kuita majina. "Tisini ni ya aliyeandika kitabu. Themanini ni yangu mimi. Hizo zinazobaki, gombaneni."

Walicheka. Baada ya mtihani wa kwanza hawakucheka tena.

Alipostaafu alitoka chuoni na madaftari yake ya alama, ishirini na sita, moja kwa kila mwaka, akayafungia kwenye kabati la chuma chumbani. Mkewe aliwaambia mashoga zake kwamba uzeeni ameletewa wake wenza, tena wa karatasi.

Jumamosi moja asubuhi, mwaka wa nne tangu astaafu, mwanamke mmoja alipiga hodi. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, uso umebabuka kwa jua, buti za kazi miguuni. Alizivua mlangoni akazipanga sambamba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni wa mwaka gani?" Hivyo ndivyo alivyowapanga watu kichwani, kwa mwaka wake wa kufundisha, na wanafunzi wote waliijua hesabu hiyo.

"Wa kumi na tisa. Nilipata sitini na nane."

Birika akamtazama upya. "Basi ndiye wewe uliyepima bonde la nyuma ya chuo, vipimo vyako vikapishana na ramani ya serikali."

"Ndiye mimi. Na ramani ndiyo iliyokosea."

"Najua. Nilikwenda kupima mwenyewe."

"Ukanipa sitini na nane," alisema yule mpimaji, akatabasamu kidogo, si sana.

Akaketi, akaeleza shida yake. Miaka kumi alikuwa akipima milima inayoporomoka, akitembea na miguu mitatu ya tripodi begani kama mama anayebeba mtoto. Sasa aliomba nafasi ya kusomea kazi hiyohiyo katika chuo cha ng'ambo. Chuo kile hakikusoma alama za wageni moja kwa moja. Zilipelekwa kwanza kwenye ofisi ya kuzibadili, ziwe za kwao. Ofisi ilikuwa na jedwali. Kwenye jedwali hilo, themanini kwenda juu ni mwanafunzi mzuri, na sitini na nane ni mtu aliyeponea chupuchupu. Alitoa barua kwenye bahasha akaisoma: maombi yake hayafikii kiwango.

"Lakini wameacha mlango wazi," alisema. "Nikileta ushahidi wa jinsi alama zilivyokuwa zikitolewa darasani kwetu, wangapi walipata ngapi, mimi nilikuwa wa ngapi, watahesabu upya. Wamenipa siku kumi. Mbili zimeshakwenda. Nimetoka chuoni jana. Stoo ya kumbukumbu ilivuja, mafaili yamekuwa uji. Msajili akaniambia, labda kwa mwalimu mwenyewe."

Birika alikunja mikono. "Kwa hiyo wanataka niandike kwamba nilikosea."

"Hapana, mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha. Tepu ya kupimia ikivutika, hutupi vipimo ulivyochukua nayo. Unatafuta imevutika kiasi gani, unasahihisha. Wanataka kuijua tepu yako, basi."

"Tepu yangu haijavutika."

"Basi imenywea," alisema mkewe, akiingia na sinia la chai. "Mfungulie mtoto wa watu kabati."

Akafungua.

Walifanya kazi kwenye meza ya kulia chakula kwa siku tatu. Mpimaji alichukua likizo. Yeye alichora safu kwenye karatasi kubwa, Birika akasoma alama kwa sauti ileile aliyokuwa akitangazia matokeo, na kila mwaka ulipokwisha walihakiki jumla mara mbili. Siku ya kwanza alifurahia. Kila jina lilikuja na kisa chake: huyu aliangusha theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, mtoni, yule alipima uwanja wa mpira akaupata una pembe tano. Mpimaji alicheka mpaka akafuta macho.

Siku ya pili visa vilipungua. Kila mwaka ulikuwa na kilele chake, na vilele vyenyewe vilikuwa vifupi.

"Wa kwanza mwaka wa tisa?" aliuliza mpimaji.

"Sitini na tatu."

"Yuko wapi sasa?"

"Ndiye aliyepima njia ya reli mpya."

"Kwa sitini na tatu?"

Birika alifungua ukurasa mwingine. Miaka yote alijiambia kwamba alama ndogo ni uzio unaolinda heshima ya chuo. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu, nje ya uzio huo, watakaozisoma bila kumjua yeye. Mwalimu wa umeme, mlango wa pili kutoka kwake, aligawa themanini kama njugu. Wanafunzi wake walikwenda ng'ambo kila mwaka. Birika alidhani wana bahati.

Alasiri hiyo wakafika mwaka wa kumi na nne. Mwaka huo mwanawe wa pekee alikuwa darasani mwake.

Birika alilijua daftari hilo kabla ya kulifungua, kama mtu anavyolijua jino lake bovu. Akasoma harakaharaka. "Sitini na nne. Hamsini na tisa. Sitini na mbili. Sitini na tatu. Sitini na moja..."

"Ngoja, mwalimu." Mpimaji aliinama juu ya ukurasa. "Hii sitini na moja pamefutwa. Chini yake ilikuwa..."

"Andika sitini na moja."

Mpimaji aliliona jina, akaona ni jina la baba gani, akaandika sitini na moja. Jikoni, mke wa Birika aliacha kusugua sufuria. Baadaye kidogo akaanza tena.

Mambo yalikuwa hivi. Mtihani ule Birika aliusahihisha mara ya kwanza kwa penseli, kabla ya wino mwekundu, akapata sitini na sita. Hakuna mwingine mwaka ule aliyevuka sitini na nne. Asubuhi yake, kwenye chumba cha walimu, yule wa umeme alisema mbele ya watu, "Mwaka huu tutaona kama birika litamwagia mwanawe." Wakacheka, naye akacheka. Jioni akaurudia mtihani wa mwanawe peke yake, kwa jicho lingine, akatafuta makosa kama mtu anayetafuta chawa kwenye upara, akayapata matano. Wa kwanza akawa wa nne. Kijana aliomba vyuo viwili vya ng'ambo, vyote vikamjibu kwamba hafikii kiwango. Baba alimwambia, "Si kila mtu kaumbiwa shule." Sasa alikuwa mkaguzi wa mabomba katika idara ya maji, ana mke na binti. Alikuja nyumbani sikukuu na msibani.

Siku ya tatu jedwali lilikamilika. Wanafunzi mia tisa na nne. Waliopata sabini na zaidi: wanne. Sitini na nane ilikuwa ya kwanza mwaka wa kumi na tisa, na ya saba katika miaka yote.

Barua Birika aliiandika mwenyewe. Ya kwanza ilijaa kurasa tatu kuhusu nidhamu na thamani ya kazi safi. Mkewe aliisoma akairudisha. "Hii ni ya kwako. Ya mtoto iko wapi?" Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja, nayo ilikuwa bado inajitetea. Ya tatu ilikuwa na mistari michache. Ilitaja miaka, idadi, nafasi ya mpimaji, kisa cha bonde na ramani, ikaishia hivi: "Alama nilizotoa zilikuwa chini ya kazi niliyoiona. Nilijua hivyo wakati nikizitoa." Aliisoma sentensi hiyo mara kadhaa, akiipima. Kisha akatia sahihi.

Msajili wa chuo alikuwa kijana mwangalifu. Hakutaka kugonga mhuri juu ya hesabu zilizotoka chumbani kwa mstaafu. Akachukua nakala kumi za matokeo zilizosalimika na maji, akazilinganisha na madaftari, moja moja, kidole kikitembea. Zote kumi zilikubaliana.

"Hata nukta haijapishana, mwalimu," alisema kwa mshangao.

"Ulitegemea nini?"

Mhuri ukagongwa. Mpimaji akatuma kila kitu siku ya nane, akapiga simu kusema kimefika.

Majibu yalichukua wiki sita. Ofisi ya ng'ambo ilihesabu upya, na sitini na nane ikawa themanini na saba. Chuo kilimpokea, kwa sharti kwamba arudie somo moja la takwimu. Alikuja kuaga na mumewe, buti zake safari hii zimepigwa brashi. Mkewe Birika alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Birika alimpa mkono.

"Hilo la takwimu," alimwambia, "usilipuuze."

"Sitalipuuza, mwalimu."

Habari haikawii kuenea. Mwezi haukwisha, akaja mwanamume wa mwaka wa ishirini na tatu anayetaka barua kama ile. Wakafuata wawili, kisha mmoja akapiga simu kutoka mbali. Jedwali lilikuwa tayari, kilichobaki ni kubadili jina na nafasi. Birika aliwaandikia wote. Mmoja wa mwaka wa tano alikuja pia, mvi zimemjaa, akasema hataki barua, muda wake umepita, alitaka tu kuona alikuwa wa ngapi. Alikuwa wa pili. Alishukuru, akanywa chai, akaenda zake.

Baada ya huyo kuondoka, Birika alimwandikia barua mtu ambaye hakuomba. Kwenye safu ya alama aliandika sitini na sita, na chini yake akaeleza kwa nini daftari linasema vingine. Kesho yake alipanda basi hadi mtaa ambao idara ya maji ilikuwa imechimba barabara. Mwanawe alikuwa ndani ya mtaro, matope magotini, akimwelekeza fundi aliyekuwa akikaza valvu. Alipomwona baba yake alishtuka.

"Baba! Mama mzima?"

"Mzima. Nimekuletea hii."

Mwanawe alipanda juu, akafuta mikono kwenye suruali, akasoma amesimama. Aliisoma mara moja tu.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Ulinirudishia karatasi yangu ya mtihani. Ulifuta kwa kifutio, baba, lakini penseli uliikandamiza. Sitini na sita ilionekana ukiinua karatasi kwenye mwanga."

Birika alitafuta pa kukaa, akakosa, akabaki wima. "Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ungeniambia sitini na moja ni sitini na moja." Sauti yake haikupanda. "Nilikasirika miaka mitatu. Halafu nikachoka. Hasira nayo ni kazi, na mimi nilikuwa tayari na kazi."

"Niliogopa watu watasema nimekupendelea."

"Walisema hata hivyo. Walisema nilipata sitini na moja kwa sababu wewe ni baba yangu."

Fundi aliita kutoka mtaroni kwamba valvu imekaa. Mwanawe alijibu, "Nakuja." Aliikunja barua mara nne, akaitazama kana kwamba hajui pa kuiweka, kisha akaitia mfuko wa shati akafunga kifungo.

"Nimekukosea, mwanangu," alisema Birika. Hakuwahi kumwambia mwanafunzi wake yeyote neno hilo.

"Ndiyo, baba." Aligeukia mtaro. "Maji ya mtaa mzima nimeyafunga, lazima nifungue kabla ya saa sita. Rudi nyumbani, jua hili kali. Nitakuja Jumapili."

Jumapili hakuja. Birika alikaa sebuleni hadi mchana akijifanya anasoma gazeti, mkewe akijifanya haoni. Alikuja Jumatano, baada ya kazi, pamoja na binti yake mwenye miaka kumi na tatu. Barua haikutajwa. Walizungumza juu ya bomba lililopasuka, na juu ya mkuu mpya wa idara asiyejua kusoma ramani. Mtoto alikuwa na daftari la hesabu. Alimsogezea babu yake, akauliza kama jibu la swali la nne ni sahihi.

Birika alilisoma swali, akalisoma jibu, hatua kwa hatua. Lilikuwa sahihi, na njia aliyoipitia ilikuwa fupi kuliko ambayo yeye angeifuata.

"Ni sahihi," alisema. "Lote."

Mwanawe aliinua macho kutoka kwenye kikombe, akamtazama, kisha akamwomba mama yake sukari.